Chupa ya Momanyi

Watu wa kambi ya shamba la chai walimpa Wilkista jina la Fungua Mdomo, na halikuwa jina la mapenzi. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, alisimama mlangoni pa banda la dawa na kopo la maji mkononi. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja. Karani Okoth aliweka kidonge juu ya ulimi, Wilkista akatoa maji, mtu akameza, kisha yeye akasema neno lake, "Fungua mdomo," akachungulia chini ya ulimi na kando ya meno. Msichana ambaye hajaolewa anamwambia mzee wa umri wa baba yake apanue kinywa kama ng'ombe wa mnadani! Watu wangempendaje?

"Chungulia vizuri," Obonyo wa kiwandani alimwambia siku moja, akapanua mdomo mpaka koromeo likaonekana. "Ukiona samaki wa jana huko chini, nirudishie. Sikushiba."

Foleni nzima ikacheka.

"Huyu akiolewa," Celine akadakia kutoka nyuma, "bwana yake atakuwa anakaguliwa meno kabla ya kupewa chakula."

Wilkista akamwita aliyefuata. Alikuwa mtu wa kutazama. Darasa la nne la misheni ndilo lililokuwa mwisho wake wa kusoma, lakini macho yake hayakuacha shule.

Kidonge chenyewe kilikuwa cha manjano, chungu kama nyongo, na kilikuja na Mzungu mmoja mrefu ambaye watu walimwita Bwana Chupa. Hakuwa daktari wa kugusa wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vitu. Meneja alimpa ghala la zamani nyuma ya kiwanda, naye akalijaza mirija, taa za spiriti na harufu iliyowafanya mbuzi wazunguke mbali. Siku ya kwanza alisimama mbele ya watu akaeleza, na karani Okoth akaeleza tena kwa Kiswahili.

"Bwana anasema hivi. Homa hii inayotuua, dawa yake tumezoea kuitoa kwenye gome la mti wa kwinini. Yeye alichukua uchungu wa gome akaufumua, kama mwanamke anayefumua kiondo aone kilisukwaje. Alipojua msuko, akasuka chake. Hakutumia mti. Ametumia lami ya makaa ya mawe na vitu vya kutia nguo rangi."

"Lami?" mtu akauliza. "Ile ya barabara?"

"Ndugu ya ile ya barabara," Okoth akasema.

"Basi tukimeza tutapitiwa na lori," Obonyo akasema, na mkutano ukaharibika.

Ila kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakucheka. Huyo alikuwa Momanyi, na Momanyi ndiye baba yake Wilkista.

Shamba lile lilikuwa na miti yake ya kwinini, kwenye mteremko juu ya mto, iliyopandwa tangu vita ya Wajerumani. Momanyi aliikuta michanga, akailea. Ni yeye aliyejua wakati wa kubandua gome na kuliacha jingine lipone, ni yeye aliyelianika, akalitwanga, akagawa unga kwa kijiko cha mbao. Akipita kambini, wanaume waliokaa walisimama. Mjaluo, Mkikuyu, Mkisii mwenzake, wote walimwita Baba Kwinini. Sasa meneja alikuwa ametamka wazi: Bwana Chupa akionyesha kwamba kidonge kinazuia homa, miti itang'olewa na mteremko utapandwa chai. Na msichana aliyechaguliwa kushika kopo la kidonge hicho, kwa kuwa alijua kusoma kidogo na hakuwa na maneno mengi, alikuwa binti ya Momanyi.

Tangu siku ile Momanyi hakupokea maji kutoka mkononi mwake. Alikuwa akimwacha aweke kikombe chini, aondoke, ndipo akiokote.

"Tata, ningekataa vipi kazi ya meneja?" Wilkista alimwuliza mara moja. "Tungekaa nyumba ya nani?"

"Sijakuuliza kitu," Momanyi akasema. "Mtu aliyeuza mdomo wake kwa Mzungu, mimi nitamuuliza nini?"

Lakini kwa watu wengine alikuwa na maneno. Alikaa nao mbele ya vibanda vyao wakati wa chakula cha mchana, akisema taratibu, huku akichonga kijiti. "Mti umenyonya udongo huu huu tunaokula. Unaujua mwili. Hiki kidonge kimenyonya nini? Kimezaliwa ndani ya chupa. Hakina mama. Kitu kisicho na mama kikiingia tumboni mwako, kitamhurumia nani?"

Akawafundisha kukificha. Si chini ya ulimi, huko msichana anaangalia. Kibane juu, kati ya ufizi na mdomo wa juu, umeze maji matupu, ukifika nyuma ya banda uteme.

Wilkista alijua. Aliona midomo ya juu imevimba kidogo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Aliona nyasi nyuma ya banda zina madoa ya manjano, na mvua ikinyesha madoa yanakimbia kama ute wa yai. Angeweza kusema, "Inua mdomo wa juu." Hakusema. Alijiambia kwamba mtu mzima ana haki ya kutema. Ukweli ni kwamba kila aliyetema alikuwa analinda miti ya baba yake, naye hakutaka kuwa mkono wa kuikata.

Kisha mvua kubwa zikaja, na homa ikaja nazo kama kila mwaka.

Ilimshika Owino, mwanamume wa kusukuma mikokoteni ya majani, mwenye sauti iliyosikika kutoka kiwandani mpaka barabarani. Asubuhi moja alikuwa anaimba, wiki iliyofuata walikuwa wanamchimbia kaburi. Mkewe, Jerusa, alivaa koti la marehemu kama desturi ya kwao, mikono ya koti ikimpita vidole, na siku aliyorudi kazini akaja moja kwa moja kwenye banda la dawa.

"Dawa yako imeniulia mume," akamwambia Wilkista mbele ya foleni.

"Jerusa, dada yangu..."

"Usiniite dada! Kila asubuhi ulimfungua mdomo. Ukachungulia. Ulikuwa unatafuta nini mle ndani, nyar Gusii, binti wa Wakisii? Roho yake? Basi umeipata. Umetosheka?"

Akamtemea. Mate yakaangukia kopo la maji. Hakuna aliyecheka, hata Obonyo. Ilibidi Wilkista amwage yale maji, akachote mengine, arudi kusimama palepale, kwa maana foleni ilikuwa bado ndefu.

Aliyeharibu mambo alikuwa Waceke. Mama huyu alikuwa amekuja kutoka upande wa Kiambu na mumewe fundi wa mashine, na mikono yake haikujua kukaa bure, alisuka hata akitembea. Siku ya soko la Chepseon akatokea na viondo vya manjano kali, manjano ambayo hakuna jani wala mzizi umewahi kuitoa. Wanawake wa Kipsigis walivigombania. Wilkista alikiona kimoja, akamwendea.

"Mama Waceke, rangi hii umeitoa wapi?"

"Kwako," Waceke akajibu bila aibu, akivuta uzi katikati ya midomo kuulainisha. "Wewe unagawa, wao wanatema, mimi naokota. Ninaosha, ninachemsha, natia uzi. Haichuji hata ukifua. Huyo Mzungu wako ni mjinga au nini? Amepata rangi nzuri namna hii anaipeleka tumboni!"

"Vifiche. Nakuomba."

"Nifiche pesa?"

Havikufichika. Bwana Chupa alikuwa anapita na farasi wake kutoka Londiani. Akakiona kiondo juu ya kichwa cha mteja, akasimama, akakinunua palepale bila kupatana bei. Ghalani akakata nyuzi, akazichemsha kwenye spiriti, akainua kichupa dirishani. Wilkista, ambaye foleni ikiisha alisaidia pia ghalani, alikuwa pembeni anaosha mirija. Aliona kile kilichokuwemo kikiwaka kwenye jua, kijani ndani ya manjano, kama jicho la paka. Mzungu hakupiga kelele. Alicheka kidogo kwa pua, akasema kitu kwa Okoth.

"Anasema amekuwa akijiuliza kwa nini dawa yake inafanya kazi kwenye nyani na haifanyi kwa watu wa hapa," Okoth akatafsiri, uso umemshuka. "Sasa amejua. Anasema hata mdomo ukidanganya, kibofu hakidanganyi. Kila mtu alete mkojo wake kwenye chupa. Aliyemeza, mkojo wake utawaka hivi. Usiowaka, mwenyewe hakumeza. Na meneja amekubali: asiyewaka anafukuzwa shambani."

Kambi ililipuka. Ng'ombe wakifa si kitu, lakini mkojo! Mkojo, kucha, nywele za kichwa, vitu vya namna hiyo mtu hampi hata shemeji yake. Nyang'au, aliyekuwa mkono wa kulia wa Momanyi, alipiga mti kwa panga. "Sasa mmeona? Alitaka ndani yetu tangu mwanzo. Kwanza akatuma msichana achungulie, hakuona kitu. Sasa anataka tumletee wenyewe!"

"Mimi nitampelekea wa fahali," Obonyo akasema. "Akiutazama vizuri ataota pembe."

Momanyi peke yake hakujiunga nao. Alisimama kando na koti lake la zamani la vita, limefungwa vifungo mpaka shingoni ijapokuwa jua lilikuwa kali. Wilkista akamtazama. Kumbe ilikuwa muda sasa tangu alipouona mkono wa baba yake ukiwa wazi. Hata akila, mikono ya koti aliishusha mpaka ikachovya kwenye mchuzi wa mboga. Mzee msafi namna ile. Wilkista aliona, akaliweka jambo hilo moyoni, bila kujua aliweke upande gani.

Jumamosi mchana Momanyi alituma mtu amwite Wilkista kwenye miti. Alimkuta anageuza magome kwenye mkeka. Hakumkaribisha kukaa.

"Chupa zitakusanywa kesho kutwa," Momanyi akasema. "Ni wewe utakayempa Mzungu, moja moja. Yangu utaitoa. Utaweka nyingine, ya mtu aliyetema. Wamejaa, chukua ya yeyote."

Wilkista alidhani hakusikia vizuri. "Nitoe yako niweke ya aliyetema? Tata, asiyewaka anafukuzwa."

"Najua kinachosemwa. Nina masikio."

"Sasa kwa nini..."

Momanyi akafungua kifungo, akapandisha mkono wa koti. Ngozi ya ndani ya kiwiko, pale jua halifiki, ilikuwa na manjano ya pera lililoiva. Wachuma chai waliomeza, mikono yao ilikuwa myeusi kwa utomvu, manjano haikuonekana. Mzee huyu alionekana.

"Tangu lini?" Wilkista akauliza.

"Tangu mvua za kwanza. Homa ilinishika. Nikanywa unga wangu, nikaongeza, nikaongeza tena, masikio yakavuma kama mzinga wa nyuki, homa ikabaki palepale. Nikaenda nyuma ya banda."

"Ukaokota kwenye mate ya watu."

"Nikaokota. Ikapona. Nikaendelea."

Wilkista akatazama magome kwenye mkeka. Yalijikunja vizuri, yamekauka sawasawa, kazi ya mtu aliyependa kazi yake. "Na Owino? Owino alipokuja kukuuliza ameze au ateme, alikuwa ameanza kuumwa kichwa. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia akikuita. Ulimwambia nini?"

Mzee akageuza gome.

"Tata, ulimwambia nini?"

"Ateme."

"Na wewe ulikuwa umeshameza."

"Nilikuwa nimeshameza!" Momanyi akanguruma, akatupa gome chini. "Unataka nisemeje? Mama yako nilimpa unga wa miti hii. Wewe mwenyewe ulishika kikombe. Nilimwambia, Kwamboka, kunywa, mti huu nimeulea kwa mkono wangu. Akanywa mpaka siku ya mwisho. Nikisimama leo niseme miti hii haina kitu ndani, nitakuwa nimesema nini juu ya siku ile?"

"Mama alikufa kabla ya kidonge kuja. Hakuna ambaye angekulaumu kwa mama. Lakini Owino..."

"Mimi sikukuita unihukumu. Wafukuzwe, na mimi nifukuzwe pamoja nao. Nitatangulia mbele yao mpaka Kisii, nikiwa mtu. Sitabaki hapa peke yangu nikila ugali wa meneja kwa sababu nilimeza." Akateremsha mkono wa koti, akafunga kifungo. "Sikuombi. Nakuambia. Usipofanya, usiniite Tata tena, na nikifa usishike hata udongo wa kaburi langu."

Jumatatu, watu walipangwa kwenye uwanja mbele ya kiwanda. Meza ikawekwa juani, chupa zikapangwa, kila moja na kibao chenye jina la mwenyewe shingoni. Wilkista alivaa aproni. Ndani ya mfuko wa aproni kulikuwa na chupa moja ya Celine, ambaye alileta mbili kwa kuogopa ya kwanza haitoshi. Kibao cha Momanyi cha pili alikuwa amekiandika mwenyewe, kwa herufi za misheni. Mpaka hapo alikuwa ameamua kutii.

Bwana Chupa alifanya kazi bila haraka. Wilkista anampa chupa, yeye anadondosha maji yake makali, anatikisa, anainua juu, anasema neno moja. Okoth anasoma jina.

"Obonyo, hapana. Na Bwana anauliza ng'ombe wako anaendeleaje."

Vicheko vichache, vikavu.

"Celine, hapana. Nyang'au, hapana. Waceke..." Okoth akakodoa macho. "Waceke, ndiyo."

"Mimi?" Waceke akashangaa mwenyewe. "Mimi sijameza hata kimoja!" Halafu akautazama uzi mkononi mwake, ule aliozoea kuupitisha midomoni, akafunga domo.

Hapana. Hapana. Ndiyo. Hapana. Kila hapana ilipotoka, kundi la nyuma liliguna, na macho yote hayakumwendea Mzungu, yalimwendea Momanyi. Alisimama mbele, koti limefungwa, kidevu juu, na watu wake walikuwa wanapata nguvu kwake. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanafukuzwa kama jeshi.

Ikafika zamu ya chupa yake. Wilkista akaingiza mkono mfukoni mwa aproni. Chupa ya Celine ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wake. Akainua macho amwone baba yake mara moja, ili ajue ni kwa ajili ya nani. Lakini aliyekuwa kati yao alikuwa Jerusa. Alisimama mstari wa mbele na koti la Owino, mikono ya koti ikining'inia, na alikuwa anamtazama Momanyi. Alimtazama kwa shukrani. Kwake yeye, mzee huyu ndiye pekee aliyejaribu kumwokoa mumewe.

Hilo ndilo Wilkista hakuweza kulimeza. Angevumilia kutemewa mate mpaka azeeke. Shukrani ile hakuivumilia.

Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akachukua chupa iliyokuwa mezani, akampa Mzungu.

Iliwaka. Iliwaka kuliko zote, mpaka watoto waliokuwa juu ya ua wakasema aah.

Okoth akasoma kibao kimoyomoyo, akakisoma tena.

"Soma!" Nyang'au akapiga kelele.

"Momanyi," Okoth akasema. "Ndiyo."

Kisha Obonyo akasema, bila mzaha wowote, "Baba Kwinini. Kumbe wewe ulikuwa unakula sufuriani, sisi unatupa moshi."

"Ni uongo wa binti yake," Nyang'au akasema. "Mzee, vua koti. Waonyeshe. Vua!"

Momanyi hakuvua. Alimtazama Wilkista, ng'ambo ya meza na chupa zote zile, na katika macho yake hakukuwa na hasira wala ombi. Kulikuwa na mlango uliofungwa. Jerusa akatembea taratibu mpaka mbele yake. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso.

"Mzee," akamwambia kwa upole, "fungua mdomo."

Mzee akabana meno.

"Fungua nione. Mume wangu alifunguliwa kila asubuhi. Wewe ni nani usifunguliwe?"

Aliuliza mpaka wanawake wakaja kumshika mabega na kumwondoa.

Meneja hakuweza kufukuza nusu ya kambi, chai ilikuwa imechipua. Aliwatoa wale aliowaona ndio wakubwa wa maneno, Nyang'au na wengine, na Jerusa akaondoka nao kwa hiari yake, kurudi ziwani, bila kumuaga Wilkista. Waliobaki wakameza. Homa ikapungua katika mvua zilizofuata, hilo halibishaniwi, na watu wa Chepseon wakawacheka watu wa shamba kwa viganja vya manjano. Bwana Chupa akafunga mirija yake kwenye masanduku, akaenda kwao na habari zake na kiondo cha Waceke. Hakujua aliacha nini nyuma, na hakuuliza.

Miti iling'olewa. Momanyi aliomba aifanye kazi hiyo mwenyewe, na aliifanya vizuri, mizizi yote mpaka ile midogo, kisha akapewa jembe la kuchimba mashimo ya chai palepale. Wanaume waliokaa hawakusimama tena akipita.

Na asubuhi, kwenye banda la dawa, yeye ndiye akawa wa kwanza kwenye foleni. Alimtangulia kila mtu. Alipokea kidonge, akachukua kopo kutoka mkononi mwa Wilkista, akanywa. Kisha, kabla hajaambiwa, alipanua mdomo wote, akainua ulimi, na kwa vidole viwili akaupindua mdomo wa juu mpaka ufizi ukaonekana. Akasimama hivyo, watu wakisubiri nyuma yake, mpaka binti yake atazame.